Tingatinga na Waliomdesa

Mwezi wa tano mwaka huu nilitaka kumfukuza mtu kwenye klabu yetu ya uchoraji. Barua nilishaiandika, mwenyekiti nilishamdokeza, na wajumbe wawili nilishawavuta upande wangu kwa chai na maandazi. Mtu mwenyewe hapa nitamwita Dogo, maana ni wa mwaka wa kwanza na jina lake halina haja ya kuchapwa jaridani. Kosa lake lilikuwa moja: alinidesa.

Kwa wasiotujua, sisi ni wanachuo kumi na wachache tunaokutana Jumamosi mchana kwenye chumba chenye madirisha yasiyofungika vizuri. Anayeijua baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita ataelewa kwa nini hatugombani kuhusu nani akae karibu na jiko. Na jiko lazima liwepo, kwa sababu tunachora kwa nta. Nta ya nyuki tunainunua Mwanjelwa kwa wauza asali, wengi wanasema imetoka Chunya, na huja na mabawa ya nyuki ndani mpaka tuichuje kwa kitambaa. Tunaiyeyusha kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa ndani ya sufuria ya maji, maana nta ukiiweka moja kwa moja juu ya koili inaweza kushika moto ukiwa bado unatafuta brashi. Inayeyuka kwenye nyuzi 63 hivi. Humo tunatia unga wa rangi: nyekundu ya sakafu, mkaa uliosagwa, udongo uliochekechwa. Unapaka haraka kabla haijaganda, kisha unaipasha tena kwa pasi ili tabaka la juu lishikane na la chini. Ukiruka hatua hiyo picha itabanduka kama ganda la yai.

Kazi hii ni ya zamani sana. Wagiriki waliipa jina lenye maana ya kuchomea ndani, na kule Fayum, Misri, zipo sura za watu zilizochorwa kwa nta katika karne tatu za kwanza baada ya Kristo na kufungwa juu ya maiti zao. Macho yao bado yanang'aa kama vile walikaa mbele ya mchoraji juzi.

Sasa picha yangu. Nilichora lori likipanda Kitonga, limeelemewa, moshi mweusi, foleni nyuma yake. Chini ya nta nilibandika tiketi za basi za Morogoro–Mbeya nilizozitunza tangu mwaka wa kwanza, pamoja na vipande vya gazeti. Ujanja wa gazeti niliupata kwa Mmarekani Jasper Johns, aliyeitengeneza bendera ya nchi yake hivyohivyo mwaka 1954 na 1955, gazeti chini, nta juu. Nilikaa na lori langu mwezi na nusu.

Wiki tatu baadaye Dogo akaleta la kwake. Kona ileile, moshi uleule, tiketi chini ya nta. Kwenye maonyesho ya wiki ya wanafunzi la kwake likachukuliwa siku ya kwanza, tena kwa bei ya kutupa. La kwangu lilirudi nami geto. Na bumu lilikuwa bado halijatoka, mnajua wenyewe mtu anakuwaje wakati huo.

Mlezi wa klabu ni mwalimu mstaafu wa sanaa ambaye wote tunamwita Babu, na shikamoo yake anaipata hata tukiwa tumenuna. Aliisoma barua yangu mpaka mwisho, akairudisha, akanipa kazi. Kabla ya kikao niandike maisha ya mchoraji wa Tanzania aliyeigwa kuliko wengine wote, niyasome mbele ya wanachama, halafu barua ifuate. Nilifurahi kweli. Niliona Babu amenipa shahidi. Mchoraji gani ameigwa kuliko Tingatinga, na nani aliyeibiwa kuliko yeye? Nikaenda maktaba nikiwa na hasira zangu kamili. Haya ndiyo niliyoyaandika, nimeyapunguza kidogo na kuongeza mengine niliyoyapata baadaye.

Nianze na jina, kwa sababu kwenye klabu yetu wako waliokuwa wanaamini kwamba tingatinga ni mtindo uliopewa jina la ile mashine ya kulimia na kuchonga barabara. Hapana. Tingatinga ni jina la ukoo. Mtu alikuwepo. Aliitwa Edward Saidi Tingatinga, na majina yake mawili ya mwanzo yanasimulia nyumba aliyotoka: mama Mmakua Mkristo, baba Mngindo Mwislamu. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika kijiji cha Namochelia, sehemu za Nakapanya. Ukitoka hapa Mbeya unakwenda Makambako, unashuka Njombe, unapita Songea, halafu bado unaendelea mashariki kuitafuta Tunduru. Hata leo ni mbali. Wakati ule kijana wa huko aliyetaka fedha taslimu alikuwa na njia chache: kubaki na jembe, au kuondoka.

Shule alisoma miaka michache tu ya msingi. Kisha akafanya kama walivyofanya vijana wengi wa kusini, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Sitaki kuipamba kazi hiyo. Mkonge una miiba, unakatwa kwa hesabu ya mafungu, na anayelipwa vizuri siyo mkataji. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akahamia Dar es Salaam, ambako alikuwa na ndugu. Huyo ndugu alikuwa mpishi kwenye nyumba ya Waingereza, na kwa njia hiyo Edward naye akapata kazi za majumbani na bustanini, upande wa Oyster Bay na Msasani.

Uhuru ulipofika alikuwa na miaka karibu thelathini na hajachora chochote ambacho leo kingemfanya ajulikane. Hapa nilisimama kidogo. Mimi nina miaka ishirini na mitatu na nilikuwa nimeshaanza kujiona nimechelewa.

Miaka ya 1960 aliipitisha kama mtu wa mjini asiye na cheti anavyoipitisha: kazi hii miezi kadhaa, ile miezi kadhaa, kuuza vitu vidogovidogo, na ngoma. Watu wa kwao walipokusanyika yeye alikuwa mpigaji na mchezaji, mtu wa kuchangamsha. Nalisema hili kwa sababu ukizitazama picha zake utaliona. Wanyama wake wamekaa kama watu waliosimamishwa katikati ya uwanja wa ngoma, wanajua kwamba wanatazamwa.

Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora. Zipo simulizi kadhaa kuhusu sababu. Inayorudiwa zaidi ni kwamba Dar es Salaam siku hizo kulikuwa na wachoraji kutoka Kongo wakiuza picha zao mitaani, na picha zilinunuliwa, naye akaziona. Kama ni hivyo, basi mwanzo wa Tingatinga ni mtu aliyesimama barabarani akatazama kazi ya mwenzake, akarudi nyumbani, akajaribu. Nilipofika hapo nikiwa maktaba nilimkumbuka yule Mmarekani wangu na bendera yake. Nikafungua ukurasa unaofuata haraka.

Vifaa vyake ndivyo vilivyonivutia kuliko yote, na hapa mnivumilie, maana mimi ni mtu wa vifaa. Turubai na rangi za kichoraji kutoka ng'ambo zilikuwa za wenye mifuko. Yeye alikwenda dukani kwa vifaa vya ujenzi. Akachukua hadibodi, ile ile ya kuwekea dari, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia milango na baiskeli. Karatasi moja ya hadibodi ya futi nne kwa nane ukiikata mraba wa futi mbili kwa mbili unapata vipande nane bila kubakiza hata kijiti. Picha nyingi za mwanzo ni mraba wa sentimita 60 hivi. Wataalamu wanazungumza sana juu ya mraba ule na jinsi mnyama anavyoujaza; mimi nahisi nusu ya jibu iko kwa fundi aliyeshika msumeno na hataki kupoteza ubao.

Rangi nayo ilimfundisha. Rangi ya mafuta ya kopo haikubali kuchanganywa taratibu juu ya ubao kama rangi za wasanii wa Ulaya. Ukiigusa ikiwa mbichi inachafuka. Kwa hiyo unapaka sehemu moja rangi moja, unasubiri ikauke, unarudi na nyingine juu yake. Ndiyo maana picha zake zina rangi zilizolala bapa na kingo zilizokatwa wazi, na madoa ya chui yamekaa moja moja, kila moja na mpaka wake. Tabaka juu ya tabaka, na kila moja lina zamu yake. Mtu wa nta anaielewa kazi hiyo hata kama hajawahi kushika brashi ya rangi ya mlango. Subira ileile, tofauti ni kwamba yeye alisubiri ikauke, sisi tunasubiri ipoe.

Alichora chui, tembo, kiboko, swala, ndege wenye shingo ndefu kuliko haja. Mara nyingi mnyama mmoja tu, amejaa mraba wote, nyuma yake rangi moja au mbili. Alichora pia watu, maisha ya kijijini, waganga, ngoma. Hakuna kivuli, hakuna umbali. Mwalimu wa sanaa wa sekondari angempa maksi ndogo kwa uwiano wa miguu na mwili. Lakini tazama chui wake kwa dakika moja, hasa macho, kisha uniambie kama huyo siye chui.

Wakati huohuo nchi ilikuwa na mchoraji msomi, Sam Joseph Ntiro kutoka Machame, aliyesoma Makerere na kisha shule ya sanaa ya Slade, London, akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Picha yake moja iko kwenye jumba la sanaa ya kisasa la New York. Namheshimu sana Ntiro na siku moja nitamwandikia makala yake. Ila nenda stendi ya Nane Nane leo uulize watu mia moja wamtaje mchoraji mmoja wa Tanzania, uone watamtaja nani.

Soko lake lilikuwa Morogoro Stores, Oyster Bay, pale ambapo wageni na maofisa walikuja kununua mahitaji ya nyumbani. Mwaka 1970 alimwoa Agatha, na Agatha ndiye aliyekaa pale nje na picha, akazipanga, akapatana bei. Kwenye masimulizi mengi mama huyu anapewa mstari mmoja. Ningempa zaidi. Sisi klabuni tuna wachoraji kumi na wachache na hatuna hata mmoja anayejua kuuza, na matokeo yake mmeyaona kwenye lori langu. Edward mwenyewe miaka hiyo alikuwa pia na ajira, mhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Yaani kazi zote tunazoziona leo kwenye vitabu vikubwa vyenye karatasi ya kung'aa zilifanywa na mtu aliyekuwa anaingia zamu.

Sasa ndiyo tunafika kwenye jambo nililokuwa nalitafuta. Picha zikaanza kuisha kabla wanunuzi hawajaisha. Mkono mmoja haukutosha. Angeweza kupandisha bei akabaki peke yake. Badala yake aliwaita vijana, wengi wao ndugu na watu wa kwao kutoka kusini waliokuja mjini bila kazi kama alivyokuja yeye. Majina yao yapo na yanastahili kusomwa: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde. Walikaa kwake Msasani, wakala kwake, wakachora kwake.

Hakuwa na mtaala. Hakuna aliyeingia darasani kufundishwa nadharia ya rangi. Kijana alianza na kazi za mikono: kukata ubao, kupaka rangi ya nyuma, kujaza sehemu ambazo mwalimu ameshazichora. Baadaye anachora mnyama mzima akimtazama wa mwalimu. Chui wa mwalimu, swala wa mwalimu, ndege wa mwalimu. Akiweza, anachora wa kwake, anaandika jina lake, anauza. Kwa lugha yetu ya hapa chuoni, kudesa ndiyo ilikuwa kozi yenyewe. Asiyedesa hakuanza.

Nilirudi nyuma nikasoma tena sehemu hiyo. Nilikuwa natafuta mahali Tingatinga alipomfukuza mmoja wao. Mahali alipogombana na kijana kwa sababu chui wake amefanana mno na wa kwake na ameuzwa kwanza. Ningekuwa na hilo ningelisoma kikaoni kwa sauti kubwa. Sikulipata.

Na muda wenyewe ulikuwa mfupi kiasi cha kutisha. Mwaka 1972, usiku, jijini Dar es Salaam, alikuwa ndani ya gari na wenzake. Polisi walikuwa wakiwasaka wezi na wakalidhania gari hilo kuwa ndilo. Risasi zikapigwa. Edward Saidi Tingatinga akafa, akiwa na miaka arobaini, ameacha mke na watoto wawili wadogo ambao hawangeweza hata kukumbuka vizuri sura yake. Alikuwa mchoraji kwa miaka minne. Minne! Hapa chuoni kwetu kuna kozi ndefu kuliko hiyo, na wapo watu wenye sapu wanaoimaliza kwa mitano.

Niliposoma sehemu hii kikaoni sauti ilinikwama kidogo, na sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimeshaijua tarehe. Ila kuijua tarehe ni kitu kingine na kuisema mbele ya watu ni kingine.

Hesabu yenyewe inatisha. Kama angeificha kazi yake, kama angesema huu ni mtindo wangu na asiuguse mtu, basi mwaka 1972 ungezikwa naye Dar es Salaam na leo tungebaki na picha chache kwenye kuta za watu waliohama nchi zamani. Wanafunzi wake ndio walioendelea kukaa palepale Morogoro Stores, ubao uleule, rangi zilezile. Waliunda ushirika wakaupa jina la mwalimu wao, na mwaka 1990 ukawa chama rasmi cha ushirika wa sanaa za Tingatinga. Waliojifunza kwao wakafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine. Picha zikaenda Zanzibar, Arusha, Nairobi, zikapendwa mno Ulaya na Japani. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kutazama katuni zilizotengenezwa Nairobi, wanyama wanaosimulia hadithi, na mtindo pamoja na jina vyote vimetoka kwa yule mhudumu wa Muhimbili.

Hapa sitaki kudanganya mtu kwamba yote ni mazuri. Nimetembea mitaa ya Mji Mkongwe nikaona twiga walewale watatu chini ya mlima uleule wenye theluji, duka baada ya duka, wamechorwa na mtu aliyechoka kwa ajili ya mtalii anayewahi boti. Mnyama hana macho. Nyingine ni mbaya, na ubaya wake unatokana na kudesa bila kutazama. Pia ziko picha za bandia zenye saini ya Tingatinga mwenyewe, zimetengenezwa na watu wanaojua kwamba kazi halisi za ile miaka minne ni chache na zina thamani kubwa. Huyo anayeweka saini ya marehemu hajifunzi kitu kwa marehemu. Na kila jina hilo linapouza fulana, vikombe na mikoba, mtu ana haki ya kuuliza nyumba ya Tunduru ilipata nini.

Kwa hiyo nilikwenda kikaoni na karatasi iliyonigeuka mkononi. Nilikuwa nimetumwa kuleta shahidi na shahidi alikuwa wa upande wa pili, tena siyo kabisa wa upande wa pili. Niliyasoma kama yalivyo. Babu alikaa nyuma karibu na jiko, amejifunika kitenge cha mkewe mabegani, anasinzia au anajifanya.

Nilipomaliza, mwenyekiti akauliza kama barua isomwe. Nikasema kwanza nataka kumwuliza Dogo jambo moja. Nilitaka kujua zile tiketi chini ya nta yake ni za wapi, kwa sababu kwenye maonyesho nilikuwa nimenuna kiasi kwamba sikuzisogelea nikazisoma. Akajibu kwa sauti ndogo, huku akiniita kaka, kwamba ni za Sumbawanga–Mbeya. Kwao ni Sumbawanga, na basi lao linapita Tunduma.

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka kabla sijajizuia. Mtu wa Sumbawanga akija Mbeya anapita Kitonga kufanya nini? Hajawahi kuiona. Hajawahi kukaa kwenye ile foleni, kuiangalia ile korongo dirishani na kunusa breki za malori zinazoungua. Kona aliyoichora ilikuwa kona yangu kwa sababu hakuwa na nyingine. Nikamwuliza tena kama kwao hakuna mlima wa kutisha gari. Akainua uso kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akaanza kutueleza barabara ya kushuka Lyamba lya Mfipa kuelekea bonde la Rukwa, jinsi ziwa linavyoonekana ghafla chini huko, na utingo anavyoning'inia mlangoni na jiwe mkononi tayari kuliweka nyuma ya gurudumu. Alieleza mpaka nta ikaanza kuganda kwenye kopo.

Barua haikusomwa. Ninayo bado kwenye begi, nimeanza kujaribia rangi mgongoni mwake. Tulikubaliana mambo mawili tu. Kila mtu aandike jina lake mwenyewe nyuma ya ubao, na akiwa amejifunza picha hiyo kwa mwenzake aandike pia jina la mwenzake, hata kama ni Mmarekani. Lori langu nililigeuza usiku huohuo nikaandika Jasper Johns kwa penseli. Ilinichukua muda kuliko inavyotakiwa majina mawili kuchukua.

Msinielewe vibaya, roho yangu haijatulia kabisa. Ile hela ya Dogo ningeihitaji mimi. Hakunipa na sikumwomba, na kuna siku napita kantini namwona anakula chipsi kuku najiuliza kama ni lori letu lile anatafuna. Tingatinga alikula sahani moja na wanafunzi wake. Sisi kila mtu ana sahani yake na bumu lake. Sijui kama ningeweza kuwa kama yeye hata kwa wiki mbili.

Lakini Dogo amechora Lyamba lya Mfipa. Ameliweka ziwa kwa nta nyeupe isiyotiwa rangi, akaikwangua mpaka tiketi za Sumbawanga zikaonekana chini yake kama maji yenye mawimbi. Ni nzuri. Ni nzuri kuliko lori langu, na nimeshamwambia.

Jumamosi iliyopita alinifuata pale jikoni amefura. Wanachama wawili wapya aliokuwa anawafundisha wamechora mteremko uleule, ziwa lilelile, hata utingo na jiwe lake wamemweka, na wote wawili ni watu wa Iringa. Alitaka kujua klabu itachukua hatua gani. Nilimwomba aongeze maji kwenye sufuria, yalikuwa yanakaribia kukauka.